Mali Bila Daftari: Somo Juu ya Bunge na Hesabu za Serikali



Katika safari yetu moja ya kutembelea mitaa, mzee wa usharika alitujia baada ya ibada, uso wake umekunjamana. Akasema, "Baba Mchungaji, twafundishwa kuwatii wenye mamlaka. Mbona basi mwalimu wetu awasomea vijana magazeti yenye habari za mawaziri waliofichuliwa Bungeni? Je, hii si kuwavunjia wakubwa heshima yao?" Mwalimu alikuwa amesimama karibu. Alinyamaza kwa adabu, lakini tuliona kwamba neno lile lilimchoma.

Siku ile hatukumjibu mzee kwa maneno mengi, maana swali lake si dogo, na yeye si mtu wa kubishana bure. Tuliahidi kulifikiri. Basi mwezi huu twalijibu hapa, ili yeye asome, na mwalimu asome, na wote wenye swali kama hilo wapate kujifunza pamoja nao.

1. Fedha ya Serikali ni ya nani?

Tuanze na jambo lililo karibu. Mama anunuapo sabuni dukani, ndani ya bei ile imo kodi, ingawa yeye haioni. Mkulima auzapo mazao yake, ushuru hukatwa. Mwenye mshahara hukatwa kabla hajaugusa mshahara wenyewe. Vijito hivi vyote hukutana mahali pamoja, na mahali hapo twapaita Hazina.

Kwa hiyo fedha ya Serikali haina mwenyewe mmoja. Waziri si mwenye mali, wala katibu wake si mwenye mali; hao ni mawakili waliowekewa amana. Na wakili hutolewa hesabu yake mbele ya mwenye mali. Kumwuliza hesabu si kumtukana. Wakili mwaminifu hufurahi aulizwapo, maana hapo ndipo uaminifu wake hujulikana. Nabii Samweli alipokuwa mzee alisimama mbele ya watu wote, akawataka wamshuhudie kama alipata kutwaa ng'ombe wa mtu au kupokea rushwa (1 Samweli 12). Hakungoja kuburutwa, alijitoa mwenyewe aulizwe.

Wahenga wetu nao walilijua jambo hili. Walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Hawakusema kwamba mali hiyo huibwa tu. Walisema kwamba hupotea bila habari, yaani hata mwizi hajulikani, na asiye mwizi hushukiwa pamoja naye. Daftari humfichua mwivi, na tena humlinda mwaminifu.

2. Bunge lauliza kwa njia gani?

Baraza la Kutunga Sheria la Tanganyika lilifunguliwa mwaka 1926, na kwa miaka mingi hapakuwamo Mwafrika hata mmoja. Mwaka 1945 waliingizwa wawili wa kwanza, Chifu Kidaha Makwaia wa Usukumani na Chifu Abdiel Shangali wa Uchagani. Nao waliteuliwa na Gavana, hawakuchaguliwa na watu. Wenye vyeo vya Serikali ndio waliokuwa wengi katika baraza lile. Basi aliyetumia fedha ndiye aliyekaa kujiuliza hesabu yake mwenyewe, na kila mtu ajua jinsi mtu ajiulizavyo mwenyewe.

Leo sivyo ilivyoandikwa. Katiba ya Jamhuri ya Muungano ya mwaka 1977, katika Ibara ya 63, yalipa Bunge kazi ya kuisimamia Serikali na kuishauri kwa niaba ya wananchi. Kazi hiyo hutendeka kwa njia tatu.

Njia ya kwanza ni maswali. Mbunge husimama akamwuliza waziri, naye waziri lazima ajibu mbele ya wote.

Njia ya pili ni makadirio. Mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai, na kabla ya hapo kila wizara huja Bungeni kueleza itakavyotumia. Bunge lisipokubali, fedha haitoki.

Njia ya tatu ni ukaguzi, baada ya fedha kwisha kutumika. Hapa yupo mtu aitwaye Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, ambaye kazi yake imewekwa na Ibara ya 143. Wakaguzi wake hufungua vitabu vya wizara, vya halmashauri na vya mashirika, wakilinganisha hati za malipo na kazi iliyofanyika. Akiisha kukagua humpelekea Rais taarifa yake, na Katiba yaagiza taarifa hiyo iwekwe mbele ya Bunge mnamo siku saba tangu kikao kianze. Msomaji na aangalie hekima iliyomo: siku zimehesabiwa ili taarifa isifungiwe ndani ya kabati.

Kisha Kamati ya Hesabu za Serikali huichukua taarifa hiyo na kuwaita makatibu wakuu mmoja mmoja, ambao ndio maafisa masuuli. Huulizwa: Fedha hii mlimlipa nani? Hati i wapi? Mbona jengo halina paa? Ni desturi iliyotoka Uingereza, ambako kamati ya namna hiyo iliundwa mwaka 1861, kwamba mwenyekiti wake awe mtu wa upinzani, ili asiwe anawauliza ndugu wa chama chake.

3. Habari ya Richmond

Sasa tutoe mfano, maana mafundisho pasipo mfano ni kama jembe pasipo mpini.

Mwaka 2006 nchi yetu ilipatwa na shida ya umeme. Ukame ulikuwa umepunguza maji katika mabwawa, likiwamo bwawa la Mtera, na mgawo wa umeme ukafunga viwanda na kuharibu biashara za wadogo. Serikali ikatafuta mitambo ya kukodi, ya kufua umeme wa megawati 100. Mwezi wa Juni mwaka huo kampuni iitwayo Richmond ikapewa mkataba. Lakini mitambo haikuja kwa wakati. Kabla ya mwaka kwisha mkataba ulihamishiwa kampuni nyingine, Dowans.

Watu wakaanza kuulizana. Mwaka 2007 taasisi ya Serikali ya kuzuia rushwa ilichunguza, ikasema kwamba haikuona rushwa. Kama mambo yangaliishia hapo, habari hii ingalizikwa. Lakini Novemba 2007 Bunge, chini ya Spika Samuel Sitta, liliunda Kamati Teule ya wabunge watano, mwenyekiti wake akiwa Dakta Harrison Mwakyembe. Wakaita mashahidi, wakasoma barua na mikataba, wakatafuta habari za kampuni ile huko Marekani ilikosema kwamba ina makao.

Tarehe 6 Februari 2008 taarifa ilisomwa Dodoma. Kamati ilisema kwamba Richmond haikuwa na uwezo wala fedha ya kazi ile, na kwamba taratibu za zabuni zilipindwa ili ipate mkataba. Kesho yake, tarehe 7 Februari, Waziri Mkuu Edward Lowassa alitangaza kujiuzulu. Mawaziri wawili waliopata kushika wizara ya nishati, Ibrahim Msabaha na Nazir Karamagi, nao wakajiuzulu. Rais Jakaya Kikwete akavunja Baraza la Mawaziri na kuliunda upya, na Mizengo Pinda akawa Waziri Mkuu.

Twapenda wasomaji wayashike mambo mawili katika habari hii. La kwanza, mwenyekiti wa Kamati na Spika mwenyewe walikuwa wa chama kile kile cha Waziri Mkuu. Hawakusema, "Huyu ni wetu, tumfunike." Ajuaye jinsi ilivyo vigumu kumwuliza hesabu ndugu wa ukoo atafahamu ugumu wa kazi yao. La pili, silaha yao ilikuwa barua, tarehe na sahihi. Hawakuhitaji makelele.

4. Habari ya akaunti ya Tegeta

Mfano wa pili ni wa mwaka 2014. Shirika la umeme na kampuni ya IPTL, yenye mitambo Tegeta karibu na Dar es Salaam, walikuwa na ugomvi wa miaka mingi juu ya malipo. Kwa sababu hiyo fedha iliwekwa katika akaunti ya amana, iitwayo Escrow, katika Benki Kuu, ikingoja ugomvi uamuliwe. Mwaka 2013 fedha hiyo ilitolewa. Mbunge David Kafulila aliuliza Bungeni, akauliza tena, ingawa alidhihakiwa. Mwishowe Mkaguzi Mkuu alichunguza, na taarifa ikaja kwa Kamati ya Hesabu za Serikali. Mwenyekiti wake, Zitto Kabwe, alikuwa wa upinzani. Makamu wake, Deo Filikunjombe, alikuwa wa chama kilichotawala. Katika jambo hili wote wawili walisimama upande mmoja.

Mwishoni mwa Novemba 2014 Bunge lilipitisha maazimio yake. Mwezi wa Desemba Mwanasheria Mkuu alijiuzulu, na waziri mmoja aliondolewa. Januari 2015 Waziri wa Nishati naye alijiuzulu. Yapasa pia kusema kwamba Rais mwenyewe, alipolihutubia taifa, alieleza kwamba kwa maoni yake fedha ile haikuwa ya umma, na wenye kutajwa walikana kosa. Kamati ilikuwa imesema vingine.

Lakini liko neno moja katika habari hii ambalo sisi wa Kanisa hatuwezi kulipita. Katika orodha ya waliopokea sehemu ya fedha zile walitajwa pia viongozi wa dini. Hatusemi kwamba walijua zilikotoka. Mgeni aletapo sadaka, ni wachache wamwulizao alivyoipata. Lakini twasema hivi: kikulacho ki nguoni mwako. Siku ile walio madhabahuni walijua kwamba swali la Bunge laweza kufika hata kwenye sanduku la sadaka.

5. Yale ambayo kufichua peke yake hakuyawezi

Tusiwadanganye wasomaji kwamba taarifa ikisomwa mambo yamekwisha. Waliojiuzulu mwaka 2008 hawakupelekwa mahakamani kwa neno la Richmond. Tena mwaka 2010 baraza la usuluhishi la kimataifa liliamua kwamba shirika letu la umeme liilipe Dowans zaidi ya dola za Marekani milioni 60. Hasara ikarudi kwa yule yule mama anunuaye sabuni.

Basi, Bunge halina gereza wala si mahakama. Laweza kuuliza, kufunua, kushauri, na kumnyima mtu imani yake. Kushtaki ni kazi ya wengine, na kuhukumu ni kazi ya hakimu. Ikiwa wale wengine wamelala, taarifa ya Bunge huwa kama filimbi ya mlinzi usiku ambapo hakuna anayetoka nyumbani.

Hata mlinzi mwenyewe huweza kugombana na mwenye nyumba. Mwishoni mwa mwaka 2018 Mkaguzi Mkuu Profesa Mussa Assad alisema kwamba ni udhaifu wa Bunge lisipoyafanyia kazi yale anayoyaonyesha. Wabunge waliona wamedharauliwa, wakaazimia kutofanya kazi naye, na Novemba 2019 mwingine aliwekwa mahali pake. Hapa twaona kwamba wenye kuuliza nao hawapendi kuulizwa. Ni ugonjwa wa wanadamu wote.

6. Amri ya Saba na Amri ya Nane

Sasa twarudi kwa mzee wetu. Alisema kwamba kufichua ni kuvunja heshima. Je, ni kweli?

Katika Katekisimo, Amri ya Saba yakataza wizi, na Amri ya Nane yakataza ushuhuda wa uongo. Zimekaa jirani, wala hatuna ruhusa ya kushika moja na kuiacha nyingine. Dakta Luther, akieleza Amri ya Saba katika Katekisimo Kubwa, aliwakemea wezi wakubwa wakaao katika viti vya heshima kuliko alivyowakemea wezi wadogo wa sokoni. Lakini akieleza Amri ya Nane, alikataza kabisa kumchafua mtu kwa kosa la siri lisilo na ushahidi. Tena alieleza kwamba waliowekwa kuhukumu na kukemea wana wajibu wa kusema, na kwamba kosa lililo wazi mbele ya wote laweza kukemewa mbele ya wote, wala huo si ushuhuda wa uongo.

Basi jibu ni hili. Mbunge aulizaye hesabu kwa hati mkononi haivunji heshima ya mamlaka, maana yeye mwenyewe ni sehemu ya mamlaka, na Katiba ndiyo iliyomtuma. Lakini Ibara ya 100 yampa mbunge uhuru wa kusema Bungeni pasipo kushtakiwa kwa maneno yake. Uhuru huo ni kama panga: wakata magugu, na wakata pia mhindi. Bwana Lowassa alipojiuzulu alilalamika Bungeni kwamba Kamati haikumwita ajieleze. Hata kufa kwake Februari 2024 alikana kosa. Hatukuwekwa sisi kuamua juu yake. Lakini lalamiko lile lastahili kusikiwa, maana Nikodemo naye aliwauliza wenzake barazani kama sheria yao humhukumu mtu kabla haijamsikia (Yohana 7). Uchunguzi ulio mwema huita upande wa pili, hata kama hati zote zimekwisha kusema.

Nawe mwalimu, usomapo magazeti na vijana, wafundishe kutenga mambo matatu: lile lililothibitishwa, lile lililoshukiwa, na lile lililosemwa tu barabarani. Ukiyachanganya, mzee ana haki ya kunung'unika.

7. Kazi iliyo mlangoni petu

Huenda msomaji asema, "Mimi si mbunge, Dodoma ni mbali." Lakini kijiji nacho kina bunge lake. Sheria ya mwaka 1982 yaweka mkutano mkuu wa kijiji, ambao kila mkazi mtu mzima ana haki ya kuingia. Mkutano huo wapaswa kukutana kila miezi mitatu, na hapo halmashauri ya kijiji hutoa hesabu ya mapato na matumizi. Mara nyingi hesabu husomwa mbele ya watu kumi, na tisa miongoni mwao wamesinzia. Kisha shule ikikosa madawati twalalamika kilabuni na kisimani. Asiyeuliza mkutanoni asinung'unike njiani.

Tena kuna rushwa ile ndogo. Wahenga wa pwani walisema, penye udhia penyeza rupia. Nasi siku hizi twaiita chai, au kitu kidogo. Karani apokeaye chai na waziri apindaye zabuni wamesoma shule moja, ila madarasa yao mbalimbali. Na sisi tutoao chai ndio tuliolipa ada yao.

Mwisho, twataka kuungama jambo. Miaka iliyopita, katika usharika mmoja tuliohudumia, tulikuwa tukinunua mabati ya nyumba ya sala. Kijana mmoja, msaidizi wa mtunza hazina, alisimama katika baraza la wazee akauliza, "Mabati yaliyoandikwa ni mengi kuliko yaliyo juu ya paa. Mengine yako wapi?" Tulikasirika. Tulimwambia kwamba mtoto hamwulizi baba yake, naye akakaa chini. Usiku ule usingizi haukutujia. Asubuhi tulifungua daftari sisi wenyewe, tukaona kwamba mwenye duka alikuwa ameandika bando mbili zaidi, nasi tulitia sahihi pasipo kuhesabu. Hatukuiba, lakini fedha za wajane zilikuwa zimekwenda. Jumapili iliyofuata tulisimama mbele ya usharika tukasema kosa letu, tukamwomba kijana radhi kwa jina lake. Mwenye duka alirudisha. Tangu siku hiyo usharika ule ulipata wakaguzi wawili wa hesabu, na sadaka haikuhesabiwa tena na mtu mmoja peke yake. Mtume Paulo naye hakupeleka changizo la makanisa peke yake, bali alifuatana na wenzake ili asilaumiwe (2 Wakorintho 8).

Kwa hiyo, mzee wetu mpendwa, hatusemi kwamba ulikosea kupenda heshima. Heshima ni njema. Lakini tumejifunza kwa aibu yetu wenyewe kwamba yule kijana alituheshimu zaidi kuliko wale wote walionyamaza siku ile.

Maswali ya kujifunza pamoja

1. Kwa nini Katiba yataka taarifa ya Mkaguzi Mkuu iwekwe mbele ya Bunge mnamo siku zilizohesabiwa?
2. Katika habari ya Richmond, Kamati Teule ilitumia nini kuthibitisha maneno yake? Ni jambo gani lililolalamikiwa?
3. Ni kazi gani isiyo ya Bunge, ambayo wengine wakiiacha kufichua hakuleti faida?
4. Mkutano mkuu wa kijiji chenu ulikutana lini mara ya mwisho? Ni nani kati yenu aliyeuliza swali?
5. Katika usharika wenu, sadaka huhesabiwa na watu wangapi, na hesabu husomwa mbele ya nani? Mwalimu asilipite swali hili.